Mpiga kinanda wa kukodi Mbeya: kwa kwaya mchukue, kwa igizo muwekee masharti

Wengi wanaokodi mpiga kinanda Mbeya huuliza mambo mawili: anajua nyimbo zipi, na spika zake zinabeba ukumbi wa ukubwa gani. Huduma tunayoitathmini hapa ni ya kikundi cha vijana wanne wenye stoo jirani na soko la Mwanjelwa, na kwa maswali hayo mawili hawana shida. Nyimbo wanazijua, spika zipo. Ila mpiga kinanda hapimwi kwa nyimbo. Anapimwa wakati hakuna anayeimba wala kuongea: kati ya ubeti na ubeti, kati ya onyesho na onyesho pazia likiwa limefungwa na watu wanahamisha viti gizani, kati ya keki na zawadi. Muziki wa hapo wapigaji wenyewe wanauita intaludi, na huo ndio tunaoupima. Kwa kwaya tunawapa nane kwa kumi. Kwa maigizo, sita. Kwa harusi, nne, na hata hiyo nne imepatikana kwa sababu mpiga besi wao anaokoa jahazi.

Jina la kikundi tunaliacha. Makosa tutakayoyataja si yao peke yao, na anayetafuta mpigaji atafaidika zaidi akijua cha kuuliza kuliko akijua pa kulalamikia.

Bei zao ziko ngazi tatu. Ya kwanza ni mpigaji na kinanda chake cha funguo 61 chenye midundo ya kujipiga, nusu siku, Sh 120,000. Ya pili inaongeza spika mbili, miksa ya chaneli nane, maikrofoni mbili na fundi mitambo: Sh 280,000. Ya tatu inaleta mpiga besi na mpiga ngoma, Sh 400,000. Zoezi moja kabla ya siku yenyewe ni Sh 30,000 juu ya hapo, na ndiyo pesa ambayo wateja huikata kwanza wakipatana bei. Wanakosea. Ukibanwa, kata spika, zoezi usiliguse.

Intaludi nzuri ina kazi inayoweza kutajwa kwa sentensi moja. Inawapa waimbaji pumzi. Inahamisha wimbo kutoka ufunguo mmoja, yaani kimo cha sauti wimbo unakokaa, kwenda mwingine. Inafunika kelele za miguu na meza jukwaani. Inawavusha watazamaji miaka mitatu mbele, au inawatoa kwenye kicheko na kuwaingiza msibani. Inashikilia ukumbi watu wakila. Mpigaji asiyeambiwa ni kazi ipi atapiga anachokipenda yeye, na wapiga kinanda wanapenda sana kuonyesha vidole. Sifa ya kwanza ya kikundi hiki ni kwamba kiongozi wao anauliza. Kwenye simu ya kwanza tu anataka kujua kuna mapengo mangapi, kila pengo lina muda gani, na nini kinaendelea wakati huo. Mteja asiyejua anaambiwa akaulizie kwanza ndipo wapatane. Wapo wanaoona ni usumbufu. Sisi tunasema mpigaji asiyeuliza hivyo usimlipe hata kianzio.

Kwenye kwaya ndipo wako nyumbani, na haishangazi kwa mkoa ambao kila kanisa lina kwaya tatu au nne. Desturi ya kupiga kipande kifupi kati ya beti ni ya siku nyingi. Wapiga ogani wa Ujerumani na Uingereza walikuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 18, na wako waliokemewa kwa kurefusha madoido hadi waumini wakasahau wamefika ubeti wa ngapi. Ugonjwa huo bado upo. Dawa yake ni hesabu ndogo. Wimbo ukienda kwa mapigo 72 kwa dakika, vipimo vinne vya mapigo manne manne ni sekunde 13 na ushei. Vipimo vinane ni sekunde 27 hivi. Sekunde 13 zinatosha kumeza mate na kufungua ukurasa. Sekunde 27 zinatosha mwalimu wa kwaya kugeuka na kuwaonyesha sauti ya tatu kwamba ubeti unaofuata wanaingia peke yao. Ikizidi hapo, watu kwenye mabenchi wanaanza kunyoosha shingo kuangalia kumetokea nini. Kikundi hiki kinakaa ndani ya vipimo vinane bila kuambiwa, na kwa nyimbo zenye beti tano na kuendelea wanaweka intaludi mbili tu, baada ya ubeti wa pili na wa nne, badala ya kuijaza kila mahali.

Mtihani wenyewe ni kupandisha wimbo. Tuseme wimbo uko G na mwalimu anataka beti mbili za mwisho ziwe A. Mpigaji wao hapandi ghafla. Anacheza vipimo viwili vya mahadhi ya kiitikio katika G ile ile, anapita kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) moja au mbili za kati, kisha anatua kwenye E yenye saba (E7) na kukaa hapo kipimo kizima. Noti ya D iliyoko ndani ya kodi hiyo waimbaji wanaijua tayari, ndiyo "so" waliyokuwa wakiiimba muda wote. Inaposhuka nusu hatua inakuwa C shapu (nusu toni juu ya C), ambayo ni "mi" ya ufunguo mpya. Sauti ya kwanza ikiwa inaanza ubeti kwa "mi", imeshapewa noti yake mkononi. Mpigaji makini huiweka ile D juu kabisa ya kodi, mkono wa kulia, na katika mapigo mawili ya mwisho hachezi dido lolote. Hayo mapigo mawili ni ya waimbaji. Ukimsikia mpigaji anapandisha ngazi za haraka pale pale kwaya inapovuta pumzi ya kuingia, ujue nusu yao wataingia na nusu watasubiri.

Njia ya mkato ni kitufe cha kuhamisha ufunguo. Kinanda kinapanda toni moja na vidole vinabaki palepale. Wapigaji wote wanacho na wengi wanakitegemea. Kina madhara matatu. Kwanza, sikio la mwimbaji halijaandaliwa, kwa hiyo ubeti unaanza kwa kutapatapa. Pili, mpiga besi hana kitufe kama hicho kwenye gitaa lake. Asipoambiwa, anabaki G wenzake wakiwa A, na huo mgongano wa toni moja kwenye besi unasikika hadi nje ya geti. Tatu, na hili ndilo linalotokea zaidi, wimbo ukiisha mpigaji anasahau kurudisha kitufe sifuri. Wimbo unaofuata unaanza juu kwa toni nzima, sauti ya kwanza wanakunja uso, na hakuna anayejua kwa nini. Mpigaji wao mkuu anahamisha kwa vidole. Kijana wanayemtuma siku yeye akiwa na kazi nyingine anatumia kitufe, na kwenye kipimo kimoja cha wimbo mmoja tofauti ya wawili hao ni kubwa kuliko tofauti ya bei ya ngazi ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo ulizia kwa jina nani anakuja.

Penye matarumbeta mambo yanabadilika, na nyanda za juu kusini penye matarumbeta ni pengi, kuanzia Wamoravian na Walutheri waliofika Unyakyusa mwaka 1891 hadi bendi za harusi za leo. Tarumbeta ya B flati (nusu toni chini ya B) inasoma toni moja juu ya kinanda. Kinanda kikiwa G, yeye anapiga A yenye shapu tatu, anavumilia. Ukimpandisha kinanda hadi A, yeye anajikuta kwenye B yenye shapu tano, na hapo hata aliyefundishwa vizuri anachafua. Suluhisho ni kupandisha nusu toni, G hadi A flati: tarumbeta anapata B flati yake, flati mbili tu, vidole vinakwenda vyenyewe. Kodi ya daraja ni E flati yenye saba, na uzuri wake ni kwamba "do" ya zamani, yaani G, imo ndani ya kodi hiyo kama "ti" mpya, inayovuta kupanda nusu hatua kwenda nyumbani. Tuliwauliza wapigaji hawa wangefanyaje wakiwa na matarumbeta na wimbo wa G. Jibu la A flati lilitoka bila kusita. Hapo ndipo alama mbili kati ya zile nane zilipotoka.

Jambo moja hawakulisema, nalo ni baridi. Ibada ya kwanza asubuhi ya Juni au Julai hapa Mbeya si mchezo, na hewa baridi ndani ya tarumbeta inashusha sauti. Kwa kila nyuzi 10 za joto zinazopungua, sauti ya chombo cha kupuliza hushuka kama theluthi ya nusu toni. Noti ya A, ambayo kinanda huipiga kwa mitikisiko 440 kwa sekunde, inakuwa 432 hivi. Kinanda cha umeme hakijui baridi, kinabaki 440 palepale. Pumzi ya mpigaji hupasha bomba moto na kupunguza tofauti, lakini mahubiri ya nusu saa hulipoza tena. Kwa hiyo intaludi ya tarumbeta inayokuja mara baada ya mahubiri ndiyo inayosikika chafu kuliko zote, hata kama wakati wa kuingia ilikuwa safi. Tiba ni rahisi: wapulize hewa tupu ndani ya vyombo dakika mbili tatu kabla, bila kutoa sauti, au mpiga kinanda ashushe tuni ya kinanda kwenye menyu yake. Mwambie wewe, maana wao wanalaumu tarumbeta.

Sasa maigizo. Alama sita ni za haki, na zingekuwa nane kama wangekubali kwamba jukwaani muziki si bosi.

Kubadilisha jukwaa la shule, yaani kutoa meza ya mwalimu, kuleta mkeka na chungu, mhusika kuvua shati na kujifunga lubega, huchukua kuanzia sekunde 40 hadi dakika mbili. Siku ya zoezi ni sekunde 60, siku yenyewe ni 90 kwa sababu kuna aliyepoteza kiatu. Ukimpa mpigaji wimbo kamili wa sekunde 60, utaisha watu wakiwa bado gizani na meza ikiburuzwa. Ukimpa wa dakika mbili, mwigizaji atakuwa amesimama kwenye nafasi yake nusu dakika nzima akisubiri solo iishe. Kinachotakiwa ni mzunguko mfupi unaoweza kukatwa popote. Hesabu yake: zidisha sekunde kwa mwendo, gawa kwa 60, umepata mapigo, gawa kwa nne, umepata vipimo. Sekunde 90 kwa mwendo wa 80 ni mapigo 120, vipimo 30. Mzunguko wa vipimo vinne kwa mwendo huo ni sekunde 12, kwa hiyo kila baada ya sekunde 12 kuna mlango wa kutokea. Mzunguko wa vipimo vinane ni sekunde 24, na sekunde 24 za kusubiri mlango jukwaani ni nyingi mno.

Halafu mzunguko uishie wapi? Kikundi hiki hupenda kuumalizia kwenye kodi ya "do". Hapo ndipo wanapopoteza alama. Kodi ya "do" sikioni ni kituo kikuu. Watazamaji wa Kitanzania wakiisikia wanapiga makofi, na hakuna cha kupigiwa makofi wakati mtu anaweka chungu. Mzunguko uishie kwenye kodi ya "so", au ile ya "la" yenye huzuni, ili kila mara usikike kama unaendelea. "Do" ihifadhiwe kwa ajili ya taa zinapowaka. Kosa la aina hiyo hiyo ni kubonyeza kitufe cha ending cha kinanda. Kinanda kinacheza kimalizio chake cha vipimo viwili hadi vinne, hakikatiki kwa adabu, na ngoma zake zinapiga "tapu!" ya mwisho kama dansi limefungwa. Jukwaani kitufe hicho kibandikwe karatasi kisiguswe. Mpigaji apunguze sauti taratibu kwa pedali au aondoe vyombo kimoja kimoja: kwanza ngoma, kisha besi, abakize nyuzi, anyamaze.

Nani anatoa ishara? Si mpigaji. Msimamizi wa jukwaa akiona mkeka umelala na mwigizaji yuko mahali pake, awashe tochi ndogo mara moja kuelekea kinanda. Mpigaji anamaliza mzunguko alio ndani yake, taa zinawaka kwenye pigo la kwanza la kodi ya mwisho. Kwenye zoezi la igizo la sekondari moja kikundi hiki kiliweka kinanda upande wa kulia wa jukwaa, nyuma ya spika, mahali ambapo tochi haionekani kabisa. Kinanda kikae mahali mpigaji anapoona kona ya pazia. Sauti itatafutiwa njia nyingine.

Ukumbini kufunika kelele ni kazi ya zamani kuliko umeme. Kwenye ukumbi wa ndani wa Blackfriars jijini London, kampuni ya Shakespeare ilipoanza kuutumia mnamo 1609, muziki ulipigwa kati ya sehemu na sehemu ya mchezo, na muda huo uliwafaa watu wa mishumaa wakate tambi. Mtunzi Mwingereza Benjamin Britten alipotunga opera (igizo la kuimbwa) yake ya Peter Grimes, iliyochezwa mara ya kwanza 1945, aliweka intaludi sita za okestra kati ya maonyesho ili jukwaa libadilishwe, na nne kati ya hizo leo hupigwa zenyewe kwenye matamasha, bila opera, kwa sababu bahari na dhoruba ya kijiji cha wavuvi cha hadithi hiyo zimo ndani yake. Huo ndio ushahidi kwamba muziki wa kuhamisha viti unaweza pia kubeba hadithi.

Na kubeba hadithi ndiko kazi ngumu. Chukua igizo la Mkwawa, ambalo shule za Iringa haziachi kulirudia. Onyesho moja ni Lugalo, Agosti 1891, Wahehe wamekishinda kikosi cha Wajerumani cha von Zelewski. Linalofuata ni Oktoba 1894, mizinga inaivunja ngome ya Kalenga. Watazamaji wanahitaji kuvuka miaka mitatu na kutoka shangwe hadi maangamizi, na wana sekunde 80 za giza. Mpigaji asiyefikiri atapiga kitu cha "huzuni" tangu pigo la kwanza, na hapo amekata shangwe kisu. Inayofaa ni kuanza na wimbo ule ule wa ushindi waigizaji walioishia nao, ngoma ikiendelea kupiga nyuma ya pazia. Mzunguko wa pili mwendo unashuka, tuseme kutoka 110 hadi 90, kayamba imeondoka. Mzunguko wa tatu wimbo umeshuka oktavu moja, ngoma imebaki pigo la kwanza tu la kila kipimo. Wa nne ngoma haipo. Mtu anayetazama hajaambiwa kitu, lakini taa zikiwaka anajua. Kikundi hiki kina mpiga ngoma anayeweza kabisa kuifanya kazi hiyo. Tatizo ni kwamba yuko ngazi ya tatu, na shule nyingi hulipia ya kwanza, ambako ngoma inatoka kwenye kinanda na haijui kupungukiwa. Ushauri: lipia ya kwanza, kisha watumie wanafunzi wenyewe kwa ngoma. Ngoma moja kubwa na kayamba mbili zinatosha, na zoezi hawalipwi.

Tahadhari juu ya vichekesho. Waandaaji wa mahafali hupenda kuvichomeka kati ya sehemu za igizo zito, ili "watu wasichoke". Vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam vya miaka ya 1980 na 1990, kama Muungano na TOT (Tanzania One Theatre), vilivichanganya vichekesho na ngoma, sarakasi na taarab katika onyesho moja la usiku mzima, na ilifaa kwa kuwa kila kipande kilisimama peke yake. Ndani ya igizo moja ni hatari. Huko Napoli mwaka 1733, mtunzi Pergolesi alitunga kichekesho kifupi cha kuimba, La serva padrona, kijaze nafasi kati ya sehemu tatu za opera yake kubwa. Opera kubwa imesahauliwa. Kichekesho kinachezwa hadi leo, na kilipofika Paris 1752 kilizua ugomvi mzima wa wasomi kuhusu muziki upi ni bora. Ukimpa mchekeshaji dakika tano katikati ya Kalenga, ujue watu watatoka ukumbini wakimsimulia yeye.

Harusi tutapita haraka, maana hapo hakuna mengi ya kusifu. Inachekesha kwamba harusi ndiyo yenye urithi mkubwa wa intaludi kuliko shughuli zote. Ile machi ya mtunzi Mjerumani Mendelssohn inayopigwa maharusi wakitoka kanisani ilitungwa 1842 kama kipande cha kati, ipigwe kati ya sehemu ya nne na ya tano ya igizo la Shakespeare, A Midsummer Night's Dream, na ilishika harusini baada ya kupigwa kwenye ndoa ya binti wa Malkia Victoria mwaka 1858. Na kuburudisha watu kati ya chakula na chakula ni jambo lililofanyika tangu angalau mwishoni mwa karne ya 15, Mwingereza Henry Medwall alipoandika igizo lenye sehemu mbili na mlo katikati kwa ajili ya nyumba ya Kardinali Morton. Kikundi chetu, kwa urithi huo wote, kinapiga sebene. Keki ikikatwa, sebene. Wazazi wakipita kupewa zawadi, sebene. Mshenga akisimama kuongea, sebene ile ile kwa sauti ya chini, lakini siyo ya chini vya kutosha.

Muziki wa chini ya maneno una kanuni zake. Usiwe na mahadhi, maana sikio likipata mahadhi linaacha maneno. Kodi ndefu za nyuzi, zinazobadilika kila baada ya vipimo viwili, zikae chini au juu ya sauti ya msemaji, zisigombanie katikati. Ngoma zizimwe kabisa. Kipimo cha sauti: kaa meza ya mwisho, kama kuna neno la msemaji linalokupotea, kinanda kipo juu. Fundi mitambo wao hakai meza ya mwisho hata mara moja, anapima akiwa nyuma ya miksa. Mpiga besi ndiye pekee anayemwangalia MC. MC akiinua karatasi, besi inanyamaza, na wengine wanagundua baada ya kipimo kimoja kwamba wamebaki peke yao. Ndiyo maana tumesema anaokoa jahazi. Sebene yenyewe, watu wakiwa wameshainuka kucheza, wanaipiga vizuri sana, ila hiyo si intaludi tena, hiyo ndiyo shughuli.

Upande wa vyombo hawana ubaya. Nyaya zao ni nzima, zimefungwa kwa mviringo wala hazijakunjwa kiwikoni, na wanakuja na ekstensheni yao. Umeme ukikatika, kinanda chao hakina betri; kinazima papo hapo, na ukirudi kinawaka kikiwa kimesahau mwendo, ufunguo na sauti ulizopanga, isipokuwa zile zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu. Wao wanahifadhi kabla, pengo moja kitufe kimoja, jambo ambalo wapigaji wengi hawalifanyi. Hawana yupiesi (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika), na Sh 120,000 haitoshi kudai iwepo, lakini ngazi ya tatu ingepaswa kuwa nayo. Mpaka hapo, dawa ni ile ile ngoma ya mkono: kila pengo liwe na toleo lake la ngoma tupu lililofanyiwa zoezi.

Mvua nayo ihesabiwe. Kuanzia Novemba hadi Aprili ukumbi wa bati ukinyeshewa hauna nafasi ya kipande laini cha filimbi. Kelele ya mvua inameza noti za juu, ukiongeza besi bati linatetemeka. Kinachopenya ni sauti za katikati zenye ncha, kama piano au gitaa, noti chache zilizoachana. Omba wawe na toleo hilo pia.

Unapowaendea, nenda na karatasi. Kila pengo mstari wake: maneno ya mwisho kabla muziki haujaanza, kazi yake, sekunde, mwendo, ufunguo, nani anatoa ishara, na nini kinafuata. Mfano wa mstari mmoja: "Pengo la 3. Linaanza baada ya Mkwawa kusema 'Fungeni lango.' Kazi: kuhamisha ngome, kushusha shangwe. Sekunde 80, mzunguko wa vipimo vinne, mwendo 110 kushuka. Uishie 'la', usiishie 'do'. Ishara: tochi kutoka pazia la kushoto. Linafuata: mlio wa mzinga, muziki uwe umekwisha kunyamaza." Nakala mbili, moja ya mpigaji, moja ya msimamizi wa jukwaa. Kiongozi wao akiipokea anaisoma papo hapo na kuuliza asichoelewa. Yule kijana mbadala anaikunja na kuiweka mfukoni, kwa hiyo msomee.

Kianzio ni nusu, salio kabla ya kufungua vyombo. Tukuyu wanakwenda kwa nauli ya mteja na wanarudi siku hiyo hiyo. Iringa ni zaidi ya kilomita 300. Nauli, malazi na kusafirisha spika vinaifanya ngazi ya pili izidi bei ya mtu aliyeko Iringa kwenyewe, hivyo huko chukua mpigaji wa hapo na umpe karatasi hiyo hiyo.